Kuku Chini, Sayansi Juu

Umeme ukikatika Havana, friza ya maabara yetu huwa mali ya umma, maana sisi tuna jenereta. Kila mfanyakazi huleta kuku wake wa mgawo wa serikali. Dokta Idalmis, mkuu wetu, alibandika karatasi mlangoni: KUKU CHINI, SAYANSI JUU.

Sayansi yenyewe ilikuwa kichupa kimoja cha kimeng'enya alichokihangaikia miaka sita, nacho kikikosa baridi kinakufa. Ukikipaka juu ya chipu ndogo kama ukucha na kuipa umeme kidogo, kinafanya kazi. Ukiugeuza umeme, kinasimama. Kichupa kingine hatukuwa nacho, wala dawa za kutengenezea kingine. Jumatatu watu wa wizara wangekuja kujionea. Wasipoona kitu, maabara inafungwa.

Ijumaa nilimsukumiza ndani kuku wa mama yangu, mlango nikaufunga kwa goti. Jumatatu asubuhi niliukuta wazi, kuku amelegea, ananuka. Nikamtupa, nikaufunga mlango, nikanyamaza. Mficha uchi hazai, najua, lakini mimi ni mwoga na sikuanza jana.

Saa nne Dokta akawasha chipu mbele ya wageni. Mstari kwenye skrini ukalala.

"Ongeza kidogo, Reinier," akaniambia.

Nikaongeza. Haukuinuka.

"Leo umeme tumewaachia, sasa mnadai nini tena?" akasema mzee wa wizara, na wenzake wakacheka.

Dokta alijaribu mara tisa. Mara ya mwisho nilimshikia kichupa, mimi niliyekiua. Wale wageni wakaandika walichoandika, wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Tukabaki wawili.

"Jenereta ilizimika?" akauliza.

"Hapana, Dokta. Ni mimi. Niliweka kuku, mlango haukufunga vizuri. Asubuhi niliona, sikusema."

Nilisubiri matusi. Haki ya Mungu, niliyataka. Yeye akavua koti lake jeupe, akalikunja taratibu, akaliweka mapajani.

"Mama yako anaendeleaje?"

"Yuko vilevile. Hana nguvu."

"Angalau huyo kuku alimla?"

Uongo ulinifika mdomoni, na ungemsaidia. Nikashindwa hata huo.

"Aliharibika, Dokta. Nilimtupa."

Akaficha uso ndani ya lile koti, akalia kwa sauti.