Zamu ya Marehemu Bi Gölz

Jumamosi asubuhi Bi Hedwig Schäufele alifungua mlango wake wa ghorofa ya tatu ili ashushe takataka, akamkuta marehemu Bi Gölz amepiga magoti ngazini, anasugua. Kibao cha zamu kilining'inia mlangoni kwa Bi Gölz, ambako siku hizi hufikia wageni wa kulala siku mbili tatu. Huku Heslach, kusini mwa Stuttgart, kibao kikiwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako kuzisafisha. Wageni walikipiga picha wakaenda zao kula. Ndipo Bi Gölz akarudi kutoka makaburini, na ndoo yake.

"Umeamka saa hizi, Hedwig? Na pale kwako vumbi la kupanda karoti."

"Pumzika basi, wewe si umekufa?"

"Kufa kumeingiaje kwenye uchafu?"

Wiki iliyofuata alikuja marehemu Eisele, jirani mwingine wa zamani, na koti lake la bluu la kazi, akafagia mpaka barabarani. Wapangaji wa zamani walikuwa wamekwisha, kwa kufa au kwa kuhamishwa, akabaki Bi Schäufele peke yake. Vijana wa chini, waliogeuza duka la viatu kuwa mkahawa wa viti vigumu, waliruka ndoo za marehemu na kuwaamkia kwa adabu.

Msimamizi mpya wa jengo, Bwana Mertens, alisimama akawatazama.

"Hawa ni wa kampuni gani?"

"Ni majirani zangu," alisema Bi Schäufele.

"Wanadai mshahara?"

"Hapana."

"Basi hakuna tatizo."

Kisha, akiwa palepale, akamwarifu kwamba nyumba anayopanga inauzwa, na mnunuzi atataka kuhamia mwenyewe. Bi Schäufele aliingia humo akiwa bibi harusi. Alirudi ndani, akakaa jikoni, akalia kwa hasira.

Jumamosi ya wanunuzi kuja kutazama, zamu ilikuwa imemrudia Bi Gölz. Bi Schäufele alimvizia mlangoni mapema.

"Leo usifagie, tafadhali. Waone uchafu, waondoke. Au watishe kidogo, unaweza."

"Kutisha watu siyo zamu yangu."

"Watanitoa, Gölz. Nitaenda wapi?"

Bi Gölz alimhurumia kweli. Chozi lilimdondoka kwenye ngazi, naye akalifuta kwa tambara kabla halijaacha doa.

Bi Schäufele hakukata tamaa. Alichukua udongo wa maua yake ya dirishani, akaumwaga kuanzia juu mpaka chini. Bi Gölz alimfuata nyuma na fagio, bila kinyongo, na wanunuzi walipopiga kengele ngazi zilikuwa zinang'aa. Palibaki alama moja tu ya vidole kwenye nguzo ya mbao, karibu na mlango wa Bi Schäufele. Aliiona. Aliwasikia wanapanda, mume na mke, wakiongea taratibu. Akajiambia aiache, hiyo ndiyo silaha yake ya mwisho. Akajikaza mpaka walipofika ghorofa ya pili, kisha akatoa leso, akaitemea mate, akaifuta ile alama.

"Nyumba inatunzwa hii," alisema mume.

"Husafisha wenyewe kwa wenyewe," alisema Bwana Mertens kwa fahari, na bei ikapanda kidogo.

Walinunua. Bi Schäufele alipata chumba mbali, mwisho wa reli, kwenye jengo ambalo husafishwa na mashine.

Siku ya kuhama alipanda na kushuka na maboksi yake, na viatu vyake vikaacha matope kwenye kila ngazi, maana nje mvua ilikuwa inanyesha. Bi Gölz alikuwa anamfuata ngazi kwa ngazi, anafuta nyayo zake moja moja, mpaka ikawa kama hakuna mtu aliyewahi kupita pale.

"Usinikasirikie, Hedwig."

"Sijakukasirikia."

"Sogea basi kidogo, umesimama juu ya tope."

Bi Schäufele aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, ili tambara lipite.