Nakala kwa Mkuu wa Kaya

Consolate alinitemea mate mbele ya watu. Yalinipata hapa, chini ya jicho, na wanawake wote waliokuwa wakianika dagaa pale Katonga wakaacha kazi wakatutazama.

"Umemuuza mwanangu," akasema. "Na mimi nilikuita dada!"

Mimi nina hasira za karibu, mtaa wetu wote wa Kasingirima unajua. Angekuwa mwingine ningemrudishia hapo hapo. Lakini nilimwona kitenge kimelegea kiunoni na hana habari nacho, nikajua hapa kuna jambo. Nikafuta shavu.

"Ishimwe yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

Aliyenivuta pembeni ni Recho, msichana anayehudumia meza yetu ya ujumbe pale mwaloni, boti zinapofikia. Alinieleza harakaharaka. Alfajiri ile Consolate alikuwa chini mchangani anatandaza dagaa, mtoto amemwacha amelala kibandani. Wakaja wanaume watatu, mmoja wao Ndizeye, kaka wa marehemu mume wa Consolate. Wakampakia mtoto kwenye bodaboda, mtoto wa miaka mitano, wakaondoka kabla mama hajaupanda mteremko. Jioni angevushwa ziwa arudishwe Burundi, kwenye kilima, yaani kijiji, cha baba yake. Na huko Consolate hawezi kukanyaga. Huko ndiko walikomuulia mume.

"Polisi je?"

"Dada Vene, akaseme nini polisi? Hana kibali cha kutoka kambini. Watamshika yeye kwanza."

"Haya, na mimi naingiaje?"

Recho akaangalia chini. "Si wewe uliyebadilisha mipangilio juzi? Taarifa ilifika kwenye seva zote: imebadilishwa na Veneranda. Leo ameniuliza, nikashindwa kumdanganya."

Ngoja nieleze, maana bila hili mtanionea bure kama yeye. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Warundi waanze kuvuka tena kwa wingi. Watu walipotezana vibaya, mama kambi hii, watoto kambi ile, bibi amekwama Ujiji kwa jamaa. Shirika letu, dogo tu, likaanzisha mfumo wa ujumbe tukauita Salamu. Ulikuwa na seva tano ndogo, moja ofisini Ujiji, moja hapa Katonga, tatu makambini. Mtandao ukikatika, kila seva inashikilia ujumbe ilio nao, na mawasiliano yakirudi zinapeana zenyewe. Programu tuliiandika wawili, mimi na mume wangu Ildephonse.

Mimi hasa nilikuwa mtu wa mipangilio. Watu walikuwa hawaishi kuomba. Hawa wanataka ujumbe uanze kwa Kirundi, wale wanataka usomwe kwa sauti, wengine ukae muda mrefu zaidi ukimsubiri mwenyewe. Kila ombi nililiongezea mstari wake kwenye faili la mipangilio, wa kuwasha au kuzima. Na kwa kuwa kwenda makambini Kibondo wakati wa masika ni adhabu, nilifanya hivi: ukibadilisha kwenye seva moja, badiliko linaenea lenyewe kwenye zote, na wahudumu wanaarifiwa nani amebadilisha.

Mstari mmoja uliitwa nakala kwa mkuu wa kaya. Waliuomba vikongwe wasio na simu, ili ujumbe wao umfikie pia yule ambaye jina lake liko juu ya kadi ya chakula ya familia. Nikauandika, lakini nikauacha umezimwa. Nikasema kikaoni, kwa mdomo wangu huu, kwamba hauwashwi mpaka tupate njia ya kila mtu kujiamulia mwenyewe. Na nikamtaja Consolate. Alifika kambini mumewe ameshauawa, kadi ikaandikwa jina la Ndizeye. Ndizeye akataka amrithi na mjane. Alipokataliwa, akasema basi nipeni mtoto. Consolate akatoroka kambini na Ishimwe mgongoni, ila kwenye kadi alibaki mtu wa kaya ya Ndizeye, maana kumwondoa kulihitaji sahihi ya Ndizeye huyohuyo. Kikao kizima kilinielewa. Ildephonse alikaa kulia kwangu, akasema, "Mama Kelly amesema vema."

Sasa juzi, dada yake Consolate, anaitwa Manariyo, alimwandikia kutoka kambini: kaa hapohapo Katonga kwa mama wa dagaa, Jumapili nakuja. Nakala ikaenda kwa Ndizeye.

Wenye uwezo wa kuugusa mstari ule tulikuwa wawili. Mimi sikuugusa. Hesabu hiyo hata Kelly wangu wa miaka saba angeipata, lakini mimi nilisimama pale mwaloni naikataa. Nikajiambia ni hitilafu. Nikajiambia labda umeme.

"Recho, huyo Ndizeye yukoje?"

"Mrefu, ana pengo mbele. Jicho lake moja linatoka machozi muda wote."

Mama yangu! Mtu huyo juzi alikuwa sebuleni kwangu. Ildephonse alimleta, akanitambulishia kwa jina la Feliksi, mtu wa kilima kimoja na wazazi wake. Na mimi, mke mwema, nikatoka uani kumpikia. Nilimkaangia samaki, migebuka, mgeni wa mume wangu, nikamsongea ugali wa muhogo, nikamnawisha mikono. Kompyuta yangu niliiacha mezani, wazi, kwa sababu nyumbani kwangu sikuwahi kuifungia mtu.

Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Na nguo hiyo nilikuwa naipiga pasi mwenyewe kila Jumapili. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, akaniambia dada utatuua, nikamwambia basi tufe. Masikini, hakuwa na kosa.

Nilisukuma mlango, na wa kwanza kumwona ni Ishimwe. Alikuwa amekaa kwenye meza yangu anakunywa chai, amevaa ndala za Kelly. Ildephonse alikuwa anamkatia kiazi. Walimficha kwangu mpaka saa ya boti, ati nani angemtafuta nyumbani kwa Veneranda?

"Ni wewe?" nikasema.

"Kaa kwanza, mama Kelly."

"Sikai! Ni wewe?"

"Ni mimi." Hakuinamisha hata kichwa. "Ndizeye ameenda Kibirizi kuongea na mwenye boti. Mtoto ana ukoo wake, Vene. Baba yake alitoa ng'ombe wa mahari. Na baba wa Ndizeye ndiye aliyembeba baba yangu mgongoni mwaka sabini na mbili, wakikimbia mauaji, kwenye maji ya Malagarasi. Bila yeye mimi nisingezaliwa. Ndizeye angeniomba nini nikamnyima?"

"Angekuomba changu, ungemnyima! Ulitumia jina langu, baba Kelly. Nimetemewa mate leo."

"Kompyuta yako ndiyo iliyokuwa wazi."

Hebu sikieni jibu hilo. Nikamwambia, "Mstari ule hauchagui mtu. Hukumfungua Consolate peke yake, umefungua wote! Kambi zote! Kila mwanamke aliyejificha, ujumbe wake umekwenda kwa anayemkimbia."

"Ilikuwa mchana mmoja. Nimeshauzima."

Ameshauzima! Umeacha zizi wazi mchana kutwa, fisi wameingia na kutoka, halafu unaniambia umefunga. Mpaka leo sijui ni wangapi walifuatwa. Wengine waliacha tu kuja mezani kuulizia ujumbe wao, na mimi nikabaki kuwaza.

Nilimpenda mtu yule. Nasema wazi, sina haya. Niliolewa naye mama yangu akiwa hataki, akisema huyo si wa kwetu, nikamjibu mama wa kwetu ni anayenitunza. Nilipomtazama pale na kisu chake na kiazi chake, sikuona shetani wala nini, nilimwona Ildephonse yuleyule, shati lilelile. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mate.

"Ishimwe," nikasema, "njoo. Twende kwa mama."

Mtoto akateremka kitini akaja, akashika sketi yangu. Ildephonse hakuinuka kutuzuia. Aliendelea kumenya.

"Kelly hayuko shule," akasema.

Nikageuka.

"Yuko kwenye basi na Skolastika." Skolastika ni dada yake. "Wanakwenda Mishamo, kwa mama yangu. Nilijua utaligundua leo au kesho, na ukiligundua utambeba Kelly uende naye kwenu. Nakujua wewe. Kwa hiyo nimemtanguliza."

Asubuhi ile niliondoka Kelly akiwa bado amelala. Nilimwachia uji kwenye chupa. Baba yake aliniambia nenda tu, nitamvalisha mimi.

Nilichukua kikombe cha chai nikakirusha. Kilimpita sikioni kikapasukia ukutani, na Ishimwe akaanza kulia. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu mzee Hamdani akabisha hodi, nikamjibu karibu huku nalia, akaona aibu akarudi. Ildephonse alingoja nimalize. Siku zote alikuwa hodari wa kungoja nimalize.

"Sikiliza," akasema taratibu. "Mwache huyo hapa. Nampigia Skolastika sasa hivi, washuke Uvinza, wageuze na gari lolote. Jioni Kelly yuko nyumbani, na haya yameisha. Ukitoka naye, Kelly atakulia kwa bibi yake. Na hakuna atakayenilaumu, si kwetu, si kwenu. Hata mama yako anajua mtoto ni wa nani."

Na ni kweli. Kwetu Waha pia ng'ombe wakishatolewa, mtoto ni wa kule. Mama yangu angelia na mimi, halafu angeniambia nivumilie.

Nilisimama mlangoni. Mungu ananiona, niliushika mkono wa Ishimwe nikaanza kuubandua kwenye sketi yangu, kidole kimoja, na kingine. Nilishawaza hata maneno ya kumwambia Consolate, kwamba sikumkuta, kwamba nilichelewa. Ildephonse alikuwa ameshatoa simu.

Mtoto aliacha kulia. Aliniuliza kwa Kirundi chake kidogo kama kwa mama ni njia hii.

"Ni hii," nikamwambia.

Tukatoka. Ildephonse aliniita kwa jina langu, Veneranda, jina zima, tangu tuoane hakuwa ameniita hivyo. Sikugeuka. Ningegeuka ningerudi.

Pale Katonga, Consolate alituona tukiwa bado juu ya mteremko. Alipanda mbio, anaanguka, anainuka. "Umwana wanje! Umwana wanje!" Mwanangu, mwanangu. Alimnyakua, akamnusa kichwa, akamchapa kofi la mgongoni, akamkumbatia tena. Mama wa dagaa alikuwa ameshampatia mtumbwi wa ndugu zake waliokuwa wanarudi kijijini kwao kusini, mbali na barabara, na vitu vyake vilikuwa vimefungwa kwenye shuka. Manariyo angeambiwa baadaye, kwa mdomo wa mtu, si kwa seva.

Nilimweleza kwa maneno machache. Nani aliwasha, kwa kompyuta gani, na mtoto nilimkuta wapi. Ya Kelly sikumwambia. Angebaki kunililia wakati Ndizeye yuko njiani.

Aliposikia, Consolate alipiga magoti palepale mchangani. Nikamwambia inuka, usinifanyie hivyo. Alichukua pindo la kitenge chake akanifuta shavu, palepale chini ya jicho, taratibu, ingawa palishakauka zamani. "Nisamehe, dada Vene," akasema. "Nilisema ni wewe."

"Ondokeni."

Akamfunga Ishimwe mgongoni, akajitwika shuka, akaingia majini mpaka magotini. Wakampokea. Alipokwisha kukaa, akakumbuka adabu, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyokumbuka hata akiwa katika kukimbia. Akaniita kutoka mtumbwini:

"Dada! Hata sijakuuliza. Kelly hajambo?"

Nikamjibu tunavyojibu wote.

"Hajambo," nikasema.

Saa hiyo basi lilikuwa limeshapita Uvinza.