Hanamughwai

Barua pepe ilimkuta Mwalimu Jenipher katika chumba cha walimu, akisahihisha mitihani ya fizikia ya kidato cha tatu. Aliisoma, akailaza simu kifudifudi mezani, akaendelea na kazi. Alifika mwisho wa karatasi ndipo akaona kwamba ameweka alama ya vema kila mahali, hata kwenye majibu yaliyokosewa.

Barua ilisema jiwe lake limepata namba, na sasa anaweza kulipendekezea jina.

Miaka ya nyuma shule yao, pale Ikungi, ilikuwa imejiunga na mpango wa kimataifa unaozigawia shule picha za anga zilizopigwa kwa darubini kubwa za ng'ambo. Kazi ilikuwa kutazama picha za sehemu ileile moja baada ya nyingine, na kutafuta kidoa kinachohama wakati nyota zote zimetulia. Kidoa cha namna hiyo ni asteroidi, moja ya mawe yasiyo idadi yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Wanafunzi walichoka upesi. Jenipher hakuchoka. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo ya uzazi, amerudi mikono mitupu, na vidoa vile vilimpa sababu ya kukaa bila kuzungumza na mtu. Akapata kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Kilipewa herufi na tarakimu za muda, kisha wataalamu wakakifuatilia mwaka hadi mwaka mpaka wakaijua njia yake bila shaka. Jiwe likishafika hapo, aliyeligundua hupendekeza jina, na kamati ya wanaastronomia hulikubali au hulikataa.

Habari haikukaa ndani. Godfrey, mkuu wa shule, alitaka jiwe liitwe jina la shule. Wengine walisema liitwe Ikungi, wilaya ijulikane. Mwalimu mmoja akauliza kama haliwezi kupewa jina la kampuni iliyowachangia madawati, na Jenipher akamweleza kwamba majina ya biashara hayaruhusiwi, wala ya mbwa na paka, na mwanasiasa sharti awe amekwisha kufa miaka mia. Wakacheka. Yeye alikwisha kujua jiwe ni la nani. Alichokosa ni jina.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana. Alizaliwa kabla ya wakati, akafa hata wiki hajafikisha, nyumbani kwa wakwe ambako Jenipher alikuwa amepelekwa kulelewa uzazi. Katika ukoo wa Alute, mumewe, mtoto hupewa jina na babu siku anapotolewa nje mara ya kwanza. Huyu hakutolewa, na asiyetolewa hahesabiwi. Wanawake wa nyumbani walimzika mtoto wakati Jenipher anaungua kwa homa. Alipopata nafuu, hapakuwa na msiba wala mtu wa kumwambia pole. Baadaye alizaliwa Festo, na watu wote wakamwita Mama Festo, wakisema huyo ndiye kifungua mimba wake.

Jioni Alute alirudi kutoka kwenye mashine yake ya kukamua alizeti, nguo zinanuka mafuta. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, bado amesimama.

"Yule hakuwa na jina, Mama Festo," alisema.

"Ndiyo maana nakuuliza. Ungemwita nani?"

Alute akasema hilo si lake kusema, ni la baba. Alisema hivyo akiwa ameugeukia ukuta, na Jenipher akajua kwamba na yeye alikuwa amelibeba jambo hilo miaka yote, ila upande wake peke yake.

Jumapili walikwenda kijijini kwa Mzee Mughwai. Baada ya shikamoo na habari za mifugo, Alute ndiye aliyeongea. Mkamwana haanzi mazungumzo ya namna hiyo mbele ya baba mkwe. Mzee aliuliza kama jiwe hilo litaanguka. Akaambiwa hapana. Akauliza nani ataliita jina hilo, na jiwe litaitika vipi. Kisha akasema mtoto yule hakutolewa nje, na yeye hawezi kufanya leo kazi ya siku iliyopita. Akachukua fimbo, akaenda zizini.

Mama mkwe, Felista, alikuwa akipepeta uwele pembeni. Aliuweka ungo chini.

"Mimi nilimwita," alisema. "Nilipokuwa namwogesha. Mtu hageuzwi kimyakimya kama gunia. Nilimwita Hana, jina la mama yangu."

Jenipher akamuuliza kwa nini hakuambiwa. Felista akamjibu. Alisema alidhani mtoto asiye na jina husahaulika upesi, na alitaka mkwewe asahau apone.

Kamati ilitaka pia maana ya jina. Jenipher akaandika kwamba Hana ni mama yake Samweli katika Biblia, na kwamba maana yake ni neema. Hakuwaandikia kwamba kwa Kiswahili neno hilohilo husemwa juu ya mtu asiye na kitu.

Jibu lilichukua muda mrefu, na lilipokuja lilikuwa la upole. Jina halikubaliki. Liko jiwe jingine linaloitwa Hanna, lilipewa jina hilo tangu zamani za ukoloni, na sheria haikubali majina mawili yanayokaribiana hivyo. Waliomba apendekeze jingine.

Siku hiyo Jenipher hakupika. Alute alimkuta ameketi jikoni, jiko halijawashwa. Alimwambia kwamba hata huko, kwenye mawe yasiyo na mwenyewe, mtoto wao amefika akakuta nafasi ina mtu. Alute alifikiri, akauliza kama majina mawili yanaweza kuunganishwa. Yanaweza, yakiwa neno moja lisilozidi herufi kumi na sita. Wakatazamana. Jina la kuunganisha lilikuwa moja tu, na mwenye nalo alikwisha kukataa.

Alute alimpigia baba yake simu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Siku ya mnada alitokea mwenyewe nyumbani kwao, vumbi mpaka magotini. Jenipher alimpokea kwa kupiga magoti, akamletea kiti uani, na chai ambayo mzee hakuigusa. Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Jenipher aolewe: akamsemesha yeye, si kupitia kwa Alute, ingawa macho aliyaelekeza kwenye lango.

"Alikuwaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Jenipher akamweleza. Kwamba alikuwa na nywele nyingi. Kwamba vidole vyake vilikuwa virefu, vya Alute kabisa. Kwamba alikuwa analala ngumi moja iko chini ya shavu, na ukimtoa anairudisha. Kwamba kilio chake kilikuwa chembamba, ukiwa chumba cha pili husikii.

Chai ilikuwa imeota utando.

"Sikumwona," mzee alisema. "Niliambiwa nisiingie, nikafurahi kuambiwa." Akainuka. "Weka jina langu nyuma ya lake. Mtoto hatumwi mbali hivyo bila jina la babu yake."

Safari hii kamati ilikubali. Maelezo yalitakiwa yawe mafupi, na Jenipher hakuwa na marefu: Hana Mughwai, binti wa kwanza wa aliyeligundua jiwe hili, alizaliwa na kufariki wilayani Ikungi, Tanzania. Godfrey, ambaye alikuwa bado na kinyongo kidogo, aliyasoma mbele ya wanafunzi mstarini. Baadhi yao walianza kupiga makofi, kisha wakaacha.

Wiki hiyo Jenipher alikwenda kijijini peke yake na kumwomba Felista amwonyeshe kaburi. Walipita nyuma ya nyumba, wakaingia kwenye shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Felista alitembea, akasimama, akarudi nyuma kidogo.

"Palikuwa na kichuguu," alisema. "Walikisawazisha walipolima kwa trekta. Ni hapa, mwanangu. Au pale."

Jenipher akapiga magoti katikati ya hapa na pale, akaita jina, na kilio kikamtoka kwa sauti. Hakujaribu kukizuia. Felista akakaa chini ubavuni mwake, akavua kitenge cha mabegani akamfunika.

Wanawake wa jirani walikuja mbio wakipita kwenye mabua, kwa maana kilio cha namna ile hakitoki bure. Wakauliza nani amefariki.

"Hana," Felista akawajibu. "Mjukuu wangu. Mtoto wa kwanza wa Alute."

Wanawake wale walitazamana. Kisha mmoja, mtu mzima, akakunja khanga yake, akaketi kwenye udongo, na wengine wakaketi.