Chura, Mkwe na Kioo Safi

Fundi vioo alikuwa na majivuno ya aina moja tu: kioo akikiweka yeye, hukioni. Mteja mmoja wa duka la dawa aliwahi kujibamiza mzima mzima kwenye mlango aliouweka asubuhi ileile, akaondoka na nundu kwenye paji la uso. Fundi alipoletewa habari alikunja uso kwa huruma kama inavyopasa, kisha akaenda nyuma ya karakana akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Basi siku alipopewa vyura wawili wenye pembe, nyumba aliyowajengea haikuwa ya mchezo.

Vyura wenyewe walitoka kwa rafiki yake muuza samaki wa mapambo, mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mapezi. Mapezi alikuwa anahamia chumba kilicho chini ya bati, na vyura wa aina ile asili yao ni sakafu ya msitu wa mvua, mahali penye kivuli na unyevu. Joto huwamaliza upesi.

"Wewe sebule yako ina baridi kama ghala la nyama," Mapezi alimwambia. "Wageni wako wanakaa na masweta. Hawa watajiona wamefika peponi."

Fundi akakata vioo kwa almasi yake, akavigandisha kwa silikoni, akaacha kisanduku mpaka harufu ikaisha. Chini alimwaga kokoto za kuchujia maji, juu yake udongo mweusi, kisha majani makavu aliyoyachemsha kwanza yasije na wadudu wasioalikwa. Aliweka gome la mti la kujifichia na bakuli la maji lisilo na kina, kwa sababu vyura hawa, amini usiamini, ni waogeleaji wabovu. Juu akafunika kwa wavu. Maji ya bomba aliyalaza kwenye ndoo kwanza yapunguze ile dawa ya kuulia vijidudu, na chakula, yaani nyenje na nyungunyungu, akakitunza kwenye makopo yaliyotobolewa, uvunguni mwa meza, mbali na macho ya mkewe.

Ukitaka kuwajua wanavyofanana, chukua jani la kahawia lililokauka, lichore mishipa mgongoni, lichongoe juu ya kila jicho na puani, halafu lipe uso wa mtu aliyecheleweshwa chakula. Pembe zenyewe si pembe, ni ngozi ya kope tu. Jike alikuwa mkubwa kama ngumi, na fundi alimwita Bibi. Dume alikuwa mdogo na hakupewa jina. Mchana kutwa walijilaza katikati ya majani bila kutikisa hata ukucha, na wageni waliinama, wakainuka, wakainama tena, wakaondoka bila kuona kitu. Mke wa fundi alichuchumaa mbele ya kisanduku mpaka magoti yakamlia.

"Mume wangu," alisema, "umepewa majani."

Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa amani na utani, mpaka mama mkwe alipostaafu akaja kukaa nao.

Mama huyu alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli kubwa, mtu ambaye akipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, wahudumu huanza kukumbuka dhambi zao. Mtu wa namna hiyo unamkalisha kwenye kochi umwambie apumzike? Binti yake alijaribu. Alimnyang'anya ufagio, akamnyang'anya sufuria, akamnyang'anya hata nguo za kufua. "Pumzika, mama, umefanya kazi vya kutosha." Mama akatazama huku na huku kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Akakiona kile kisanduku. Akatafuta siki na gazeti kuukuu.

Fundi aliporudi jioni alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Kioo kilikuwa hakipo. Yalikuwepo majani tu, yamekaa hewani.

"Shikamoo, mama. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba, baba. Ni mimi. Nimekosea?"

"Ukosee wapi! Mama, wewe kioo unakijua."

Kosa lilianzia hapo, kwenye sifa hiyo. Mama hakuwa amesifiwa tangu alipokabidhi funguo za hoteli, na fundi naye hakuwahi kumpata mtu wa kuzungumza naye habari za michirizi inayobaki kioo kikikauka. Kila jioni walijadiliana: gazeti au kitambaa, siki au spiriti. Mke wa fundi aliwasikiliza kutoka jikoni akamshukuru Mungu, maana ni nyumba ngapi ambamo mkwe na mkwe hawana la kuambiana zaidi ya salamu? Mama akawa anafuta asubuhi na alasiri, na fundi akamletea brashi ya mpira kutoka karakana, ile ya madirisha ya maduka makubwa.

Kisha Bibi akaanza kuruka.

Ilikuwa kila jua linapozama, wakati mama yuko chumbani na redio yake. Bibi alitoka kwenye majani, akatulia, akalenga, akaruka moja kwa moja kwenye kioo. Pwa! Akarudi nyuma, akatafakari kidogo, akaruka tena palepale. Mwanzoni fundi alicheka, kwa sababu alimkumbuka yule mteja wa duka la dawa. Siku aliyoona ncha ya pua imechubuka na kubaki nyekundu, kicheko kilimkauka. Bibi akaacha kula. Nyenje walimpita mbele ya uso na yeye akawaangalia tu.

Fundi akamwita Mapezi. Mapezi alipiga magoti, akatazama, akagusa kioo kwa kidole kama mtu asiyeamini kama kipo.

"Nani anakifuta hivi?"

"Mkwe wangu."

"Basi ndiye anayemuua. Kwangu walikaa kwenye beseni la plastiki lenye mikwaruzo na ukungu. Ukuta walikuwa wanauona. Huku kwako Bibi anaona msitu unaendelea mpaka kwenye kabati la vyombo, na anataka kwenda. Kidonda kile kikiingia uchafu, umempoteza. Mwambie mkweo asifute."

"Mapezi, wewe una mkwe?"

"Ninaye."

"Ulishawahi kumwambia aache kitu?"

Mapezi alijikuna shingo. "Bandika karatasi," alisema.

Fundi akabandika karatasi. Jioni alikuta zimebanduliwa. "Kuna makaratasi yalikuwa yameganda, baba," mama alisema, "lakini nimeyaweza." Fundi akamgeukia mkewe, wakiwa chumbani, akamwomba aseme yeye kwa kuwa ni mama yake.

"Sithubutu," mkewe alisema. "Nimeshamnyang'anya kila kitu. Kimebaki hicho kioo tu. Nikimwambia asikiguse, atajua hatuna haja naye, atafunga mizigo. Mwambie wewe."

"Mimi nimwambie? Ni mkwe!"

Ukweli ni kwamba dawa ilikuwepo, na fundi aliijua. Angetoa vile vioo akaweka vioo vya bafuni, vile vya ukungu visivyoonyesha mtu, na mama angeendelea kufuta mpaka achoke bila kumdhuru yeyote. Lakini kioo cha bafuni sebuleni kwake yeye, fundi mzima! Watu wangesemaje? Kwa hiyo alijiambia kwamba anamheshimu mkwe, na heshima ikafunika majivuno vizuri kabisa.

Alichofanya ni hiki, na msimcheke sana. Kila asubuhi, kabla mama hajatoka chumbani, alichota udongo kidogo kwenye kisanduku, akauchanganya na maji ya sabuni, akakipaka kioo kwa nje kwa sponji. Kisha akaenda kazini. Mama akaamka, akaona, akafuta. Kesho fundi akapaka zaidi. Mama akafuta zaidi, akabadilisha gazeti kwa kitambaa, kitambaa kwa sponji. Hakuna aliyesema neno. Walisalimiana kwa upole kuliko siku zote, na kila jua lilipozama Bibi aliruka.

Asubuhi moja mama alisahau miwani yake sebuleni. Alipoifuata alimkuta mkwe wake amepiga magoti mbele ya kisanduku, mikono imejaa tope mpaka kwenye viwiko.

"Baba, unafanya nini?"

"Nasafisha, mama."

"Kwa udongo?"

Mama alivuta kiti akakaa taratibu, miwani mkononi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nafuta, nafuta, na kesho yake kioo kiko vilevile. Nikasema macho yamekwisha. Nikasema labda na mikono nayo. Juzi nilitaka kumwomba binti yangu anipeleke kwa daktari, nikaona aibu. Nimelala nikijua nimeshazeeka, baba, hata kioo kidogo kimenishinda."

Hapo fundi aliumia kuliko alivyowahi kukatwa na kioo. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Akasema yote kwa pumzi moja, huku anaangalia sakafu: sebule yenye baridi, beseni la plastiki, msitu unaoendelea mpaka kwenye kabati, pua, Mapezi, karatasi.

"Subiri," mama alisema. "Chura gani?"

"Vyura, mama. Wamo humo."

"Si nilidhani mnatania! Miezi yote hii nafuta boksi la majani, nikasema ni pambo la kisasa, nisionekane mshamba."

Fundi alinawa, akailowesha mikono kwa maji ya kwenye ndoo, akaingiza vidole chini ya gome, akamtoa Bibi. Mama alivaa miwani. Alilitazama lile jani, na lile jani likamtazama.

"Mungu wangu, linapumua." Kisha akaiona pua. "Na hii ni mimi?"

"Ni kioo, mama."

"Kioo nilichokifuta mimi. Lakini ngoja. Mimi nimefuta kwa kutojua. Wewe ulijua ukanyamaza. Adabu yako ndiyo iliyomchubua huyu, si gazeti langu."

Lilikuwa kweli tupu. Fundi alimrudisha Bibi taratibu chini ya gome.

"Unavyo vioo vingine huko karakana?"

"Vya ukungu, mama. Vya bafuni."

"Vilete."

Siku hiyo karakana haikufunguliwa. Bibi alihamishiwa kwenye beseni la plastiki lenye karatasi laini zilizoloweshwa, limefunikwa kwa kitambaa, ndani ya kabati lenye giza, na dume akapewa beseni lake. Fundi alibandua vioo vyake vizuri kimoja kimoja, na moyo ulimuuma, asiwadanganye mtu. Mama alivaa glavu akashikilia vile vya ukungu vikae wima wakati silikoni inashika. Alipoambiwa kaza alikaza, alipoambiwa legeza alilegeza. Mara moja fundi alimwambia, "Mama, umepinda," akashtuka kwa alichosema, lakini mama alikwisha nyoosha.

Kazi ya kumuuguza Bibi mama alijitwalia mwenyewe. Karatasi za beseni alizibadilisha kwa namna alivyobadilisha mashuka ya wageni wakubwa, na binti yake alipotaka kumsaidia alifukuzwa. Kidonda kilianza kukauka. Kula ndiko kulikowatia hofu. Jioni baada ya jioni mama alimchezeshea nyungunyungu mbele ya uso kwa koleo ndogo ya nyusi, na jioni baada ya jioni Bibi alikaa kimya. Fundi alikuwa anatoka kazini mapema, anauliza kabla ya kusalimia. Alikonda kidogo.

"Amekula!"

Sauti ya mama ilisikika mpaka barabarani. Fundi aliacha chai, mkewe akatoka jikoni na mwiko. Bibi alikuwa amefumba macho anameza, mkia wa nyungunyungu bado unaning'inia pembeni mwa mdomo, na mama anacheka huku anajifuta machozi kwa mkono uleule wenye koleo. Alimpa wa pili. Bibi akamrukia kwa nguvu hata koleo ikaanguka.

Baadaye Bibi alirudishwa nyumbani kwake, pua imefunga. Alikizunguka kisanduku jioni yote, akafika kwenye ukungu, akauona, akageuka. Kisha akajizika kwenye majani, na wote watatu, wakichungulia kupitia wavu wa juu, wakampoteza mbele ya macho yao.

Walikaa kunywa chai. Sebule ilikuwa na baridi yake ya kawaida na kila mtu ana sweta lake. Mama aliweka kikombe chini.

"Baba, kuanzia leo ukiwa na neno, niambie. Sitavunjika, mimi si kioo."

"Nimekuelewa, mama." Fundi alikoroga chai iliyokwisha korogwa. Alimwangalia mkewe, mkewe akaangalia dirisha. "Basi... kuna redio."

"Imefanyaje?"

"Ile ya alfajiri. Inaamsha nyumba nzima."

Mama aliwaza. "Ningejuaje? Nitapunguza." Alikunywa chai kidogo, wala hakununa. "Na mimi nina langu. Unakoroma."

"Mimi?"

"Ukuta unatikisika."

"Huyo ni dume, mama," fundi alisema haraka. "Dume la chura hulia usiku. Mapezi alinionya kabisa, wana sauti nzito."

"Dume namfahamu, nimeshamsikia. Yeye akilia hunyamaza kidogo asikilize kama kuna wa kumjibu. Wewe hunyamazi."

Mke wa fundi aliweka kikombe chake mezani, akamshika mama yake mkono.

"Asante, mama," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa namheshimu tu."