Mlenda Usio na Chumvi

Karoti! Yuliana alizitazama zile karoti za kuchemsha, zimelazwa kando ya boga na matango mabichi, akasonya mpaka paka wa jirani akageuka. Ndicho chakula cha mwanamume hicho? Mwanamume aliyezaliwa Masasi, akanyonya ziwa lake, leo anawekewa majani kama sungura wa kufugwa!

"Kuna na samaki, mama. Nimempaka limau na tangawizi," alisema mkwewe Vaileth, kwa ile sauti yake ya ualimu.

"Nimemwona. Maskini wa Mungu, kafa mara mbili."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Anselmo, mwanawe wa pekee, ni dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo bandarini. Mwezi uliopita walipimwa afya, presha yake ikakutwa imepanda mno. Akaambiwa ashuke kwenye mashine, akae nyumbani kwake Temeke wiki tatu, ale mboga mbichi na vya kupikwa nyumbani, chumvi aiache kabisa. Ikishuka, anarudi kazini. Isiposhuka, mashine anapewa mtu mwingine, na watu wa kuitaka walikuwa tele.

Yuliana aliposikia, alipanda basi la alfajiri yake. Amwache mwanawe mikononi mwa yule binti wa Mbeya? Thubutu! Mtu ambaye hata kisamvu ananunua kilichotwangwa! Akafika, akakuta mkebe wa chumvi umeshatupwa, rafu imejaa malimau, vitunguu saumu na daftari. Ndiyo, daftari! Vaileth alikuwa anapika kwa kusoma. Makubwa haya! Tangu azaliwe, Yuliana hakuwa ameona mwanamke anayetaka kuandikiwa namna ya kuchemsha boga.

Wakagawana jiko. Usiku lilikuwa la Vaileth. Mchana, akiwa shuleni kwake anakofundisha, lilikuwa la Yuliana, na hapo ndipo mwanamume alipokula. Mlenda wa kuvutika. Maharage yaliyoiva yakalegea. Kisamvu cha nazi, kimetwangwa kwa mkono. Chumvi? Hata punje. Yuliana si mjinga, na mwanawe hana wa pili. Alichotia ni magadi, yale aliyoyafunga kwenye pindo la khanga tangu kwao, kama alivyotia mama yake na bibi yake. Mlenda bila magadi ni mlenda huo, au maji ya kuoshea bamia? Alipima kwa kiganja, na siku ambazo Anselmo alikula kwa kujivuta, aliongeza kidogo.

Wiki ya pili ilipoisha, Anselmo akaenda kupima. Presha ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

Yuliana hakungoja Vaileth avue viatu. "Umeona? Umeona sasa, mwalimu? Unamlisha mume matango, damu itakosa kuchemka?"

"Nimefuata kila kitu, mama," alisema Vaileth, machozi yanamlengalenga.

"Umefuata karatasi. Mie nimemlea huyu bila karatasi, na hajawahi kulazwa."

Kesho yake akawaburuta wote wawili mpaka zahanati, hotipoti ya mlenda mkononi. Alitaka watu wa zahanati wakionje chakula cha kweli, halafu mkwewe aambiwe ukweli wake mbele ya mashahidi. Muuguzi, mama wa makamo, alimwamkia kwa heshima, akafunua hotipoti, akaonja.

"Mtamu," alisema.

Yuliana akamgeukia Vaileth na kumtazama toka utosini mpaka kwenye kandambili.

"Mmetia magadi, mama?" aliuliza muuguzi.

"Ya kutosha! Lakini chumvi hata punje, muulize mwenyewe."

Muuguzi aliweka kijiko chini. "Mama yangu, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi, na kwenye magadi kimo. Mmemfukuza mmoja mlangoni, mwenzake kaingilia dirishani."

Yuliana alilifumbata kiganjani lile pindo la khanga lenye magadi. Akangoja Vaileth acheke. Ingekuwa yeye, angecheka mpaka Mbagala wasikie. Vaileth hakucheka. Alifunika hotipoti, akauliza, "Siku saba zilizobaki zinatosha, dada?"

"Jaribuni," alisema muuguzi. "Ila magadi yaondoke leo hii."

Walipokuwa wanarudi, Anselmo alitembea karibu na mama yake. "Mie nilikuwa naisikia ladha ile, mama," alisema. "Ulimi unaniambia hii mbona kama chumvi. Nikajisemea, kapika mama, haiwezi kunidhuru."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Yuliana angepata pa kushika.

Jioni ile alifungua pindo la khanga na kumwaga magadi yote kwenye shimo la taka. Akaingia jikoni. Vaileth alikuwa anamenya boga, hakuinua macho. Yuliana akavuta kigoda, akalichukua lile daftari, akalifungua, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na hapo nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akampa mkwewe daftari lake.

"Nisomee," alisema. "Anzia mwanzo, na usiruke kitu."