Miezi Tisa Kaunta kwa Bhat

Niligawa barua za posta hapa Bengaluru, India, miaka thelathini na minne, na nilipostaafu mke wangu alivumilia kuniona sebuleni wiki mbili tu. Ya tatu alinitafutia kazi yeye mwenyewe. Sasa nachunguza watu wanaotaka ajira. Kampuni inatuletea wasifu wa mtu, nasi tunahakikisha kwamba anakaa aliposema anakaa na alifanya kazi aliposema alifanya. Mwishoni napaka ripoti rangi. Kijani, aingie. Nyekundu, arudi alikotoka. Njano, wakubwa wenyewe waumize vichwa.

Jumanne nilipewa faili la Vasundhara, binti wa miaka ishirini na saba, mhasibu, anayehamia kampuni ya bima. Kila kitu kilikuwa safi, isipokuwa kitu kimoja. Kila mwajiri anayekukata akiba ya uzeeni, jina lake linabaki kwenye namba yako ya mfuko wa pensheni mpaka unaingia kaburini. Na mfuko ulisema kwamba mwaka ule wa korona Vasundhara alifanya kazi miezi tisa kwenye mgahawa wa Bhat, mtaa wa Gandhi Bazaar, unaouza dosa na idli, yaani chapati na vitumbua vya mchele. Kwenye wasifu, miezi hiyo haikuwepo. Aliiruka kama dimbwi.

Nikaanzia nyumbani kwao. Mjini kwetu watu wanaobisha hodi kuulizia tabia ya binti ni wa aina mbili: sisi, na wanaotafuta mchumba. Mama yake, Kamalamma, alitazama shati langu lililopigwa pasi, akatazama faili, akakimbilia jikoni. Akaleta kahawa na sahani ya uppittu, ile semolina ya kupikwa na viungo, yenye korosho nyingi kuliko kawaida.

"Na kijana wako anafanya kazi wapi?" akaniuliza.

"Wangu ameshaoa, mama."

"Sasa mchumba unamtafutia nani?"

Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa natafuna. Nikauliza swali langu: mwaka wa korona, binti alikuwa akifanya kazi wapi?

"Nyumbani! Alikuwa anajifunza kupika."

"Kwa Bhat?"

Kamalamma aliketi chini. "Ni yule jirani aliyekuambia, sivyo? Mdomo wake hauna kufuli! Bwana, ofisi yake ilifungwa, baba yake alikuwa kitandani. Lakini hakufagia hata siku moja, alikaa kaunta tu! Kijana wako, sijui kijana wa nani, asimkatae mwanangu kwa sababu ya kuuza dosa!"

Nilipomweleza mimi ni nani hasa, aliitazama sahani, akanitazama mimi, na nikajua kwamba kama ningekuwa sijaimaliza angeichukua. Kisha akampigia simu binti yake huku analia.

Vasundhara alifika mbio, kandambili mguuni.

"Mjomba, kazi ya zamani nimeshaacha. Jumatatu ndiyo naanza kule bima. Ukinipaka nyekundu, sina huku wala kule."

"Kwa nini ulificha?"

"Nina medali ya dhahabu ya uhasibu, mjomba. Ningeandika vipi kwamba nilikuwa naita 'dosa mbili, idli sahani moja'?"

Sheria yetu hainiruhusu kumfundisha mtu la kusema. Lakini inaniruhusu kumpa fomu ya maelezo. Nikampa, nikamwambia: "Andika mwenyewe ulichokiruka, kabla sijakiandika mimi. Halafu niletee barua ya Bhat ya kukuruhusu kuondoka kazini kwake. Ripoti inatoka kesho."

Akanywea. "Bhat hatanipa. Nilitoroka."

Kesho yake asubuhi tukaenda wote. Bhat alikuwa kaunta, jasho linamtoka, anakata tiketi kwa mkono mmoja na kutafuta chenji kwa mwingine. Alipomwona Vasundhara alisahau wateja wote.

"Uliondoka siku moja kabla ya Ugadi! Mwaka wetu mpya! Foleni ilifika duka la maua, na wewe hupo!"

"Niliitwa kazi ya uhasibu ghafla, Bwana Bhat. Nikaogopa kukuambia."

"Uliogopa? Mimi ni mtu wa kuogopwa?"

"Ndiyo," wakajibu wateja waliokuwa wamesimama wakila, kwa pamoja.

Bhat akawapuuza. "Notisi ilikuwa siku thelathini. Ulinipa ngapi?"

"Hata moja."

"Basi nipe leo. Kaunta hiyo hapo."

Nilidhani Vasundhara ataondoka. Badala yake alijifunga mtandio kiunoni, akapita nyuma ya kaunta. Mwanzoni aliita kwa sauti ya chini, macho kwenye droo. Foleni ikanuna. Kisha mzee mmoja akamwambia, "Wewe si ulikuwa hapa zamani? Nilisikia uko ofisi kubwa."

Vasundhara akainua uso. "Nilikuwa hapa miezi tisa, mzee. Bajia yako ya vada bado unaipenda bila mchuzi wa sambaru?"

Baada ya hapo alisikika mpaka barabarani. Hesabu alizifanya kichwani kabla mtu hajamaliza kuagiza, na foleni ikayeyuka. Mimi, naona haya kusema, nilikula dosa tatu.

Saa nne Bhat akaandika barua bila kumtazama mtu. Ikabaki fomu yangu, yenye swali moja la mwisho kwa mwajiri: je, ungemwajiri tena mtu huyu? Alininyang'anya kalamu, akaandika, akarudi jikoni kumfokea mpishi. Tukasoma pamoja, mimi na Vasundhara: "Kila mwezi nabandika tangazo la mtu wa kaunta. Kila anayekuja namwambia nafasi imejaa."

Vasundhara alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akajaza fomu yake, na kwenye cheo akaandika: karani wa kaunta.

Bhat akachungulia kutoka jikoni. "Andika meneja!"

"Haitalingana na barua yako, Bwana Bhat. Mjomba atanipaka nyekundu."

Nilipaka njano, kama sheria inavyotaka, nikaambatanisha kila kitu. Siku mbili zile sikulala vizuri. Nilikuwa nimempenda yule binti kama wangu.

Ijumaa asubuhi kampuni ikajibu: makosa yapo, maelezo yamekubaliwa, aanze Jumatatu. Nikampigia simu papo hapo. Upande wa pili nikasikia sahani zinagongana na Bhat anapiga kelele.

"Binti, majibu yametoka!"

"Mjomba, subiri kidogo," akasema. "Nina watu kumi na wawili kwenye foleni hapa."

Nikasubiri, simu sikioni, mpaka wa kumi na mbili alipopata chenji yake.