Trei ya Kandida na Samli ya Mama Namnyaki

Kandida alikuwa ameishi miaka minne kwa wakwe zake, juu kidogo ya Olmotonyi, na bado hakuwa na jina. La ubatizo alikuwa nalo, na la mtoto pia, Mama Blessing. Alilokosa ni lile la bomani. Kwa Waarusha hawa, bibi harusi akifika langoni husimama, huinamisha kichwa, wala hainui mguu mpaka mama mkwe amwahidi mnyama. Akipewa kondoo, tangu siku hiyo yeye na mama mkwe huitana Pakerr. Akipewa ng'ombe, huitana Pakiteng mpaka kufa. Sasa Kandida, binti wa Kichaga kutoka Kibosho, nani alimwambia? Siku ya harusi alishuka garini na shela lake, akapita lango moja kwa moja huku anacheka, "Shikamoo, Mama!" Wazee wakatazamana. Mama Namnyaki, mama mkwe wake, akaitikia marahaba, na habari ya mnyama ikaishia hapo.

Lengai, mumewe, alimweleza miezi kadhaa baadaye, huku akijikaza asicheke. Kandida alilia. Kuomba asingeweza, maana zawadi ya kuombwa si zawadi tena. Ila kila aliposikia Silantoi, mke wa shemeji yake, akiitwa "Pakerr, lete kuni," wivu ulimchoma. Hata kuni tu alitamani aagizwe hivyo.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno. Kila nyumba hupeleka kanisani ilichojaliwa, na baada ya ibada vitu hupigwa mnada nje. Kandida alijitolea kupeleka keki za jamu, zile za kuoka kwenye trei moja: kinyunya chini, jamu katikati, kinyunya kingine kimevurugwa juu, halafu unakata vipande. Jamu aliipika mwenyewe kwa matunda damu ya nyuma ya nyumba. Ilitoka nzito na nyekundu, na Blessing akalamba mwiko mpaka pua.

Jumamosi mchana mkaa umeshashika, Kandida anafungua kopo la majarini: imebaki ya kupaka mkate mmoja. Duka la jirani limefungwa, mwenyewe kaenda harusini. Ndipo macho yake yalipotua kwenye kibuyu kilichoning'inia jikoni kwa mama mkwe, kimejaa samli. "Samli ni ya nyumba nzima," alijiambia, na mtu mwenye haraka hujiambia mengi. Akaimimina yote. Akakanda, akatandaza, akapaka jamu, akafunika kwa bati na kuweka mkaa chini na juu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya jamu na sukari, na ndani yake moshi wa oloirien, mti ambao kina mama huuchoma kusafishia vibuyu.

Jumapili asubuhi Mama Namnyaki alishusha kibuyu chake, akakitikisa.

"Mama Blessing. Samli yangu ya mavuno iko wapi?"

Kila mwaka mama huyu alipeleka mnadani samli ya ng'ombe mmoja tu, Nado, na kila mwaka mzee Elisaria aliinunua kwa ushindani mkubwa. Hilo Kandida alilijua vizuri. Alichokuwa hajui ni kwamba kibuyu chenyewe ndicho kile.

"Imo humu, Mama," alisema, akionyesha trei. "Nisamehe. Sikujua."

Mama Namnyaki aliitazama trei, kisha akamtazama mkwewe aliyekwisha vaa nguo za kanisani. "Beba basi," akasema. "Twende."

Njia nzima Mama Namnyaki alitangulia, Kandida nyuma na trei yake.

Mnadani, mzee wa kanisa Gadiel aliinua trei juu. "Keki za mke wa Lengai!" Hakuna aliyetaja bei. Watu wa mnada wanapenda kuku anayepiga kelele, si kitu wasichokijua. Kandida alitamani ardhi ipasuke. Ndipo mzee Elisaria aliposogea, akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni samli ya Namnyaki!" akapaza sauti, akataja bei. Mwingine akapanda. Kina mama wa kwaya wakapanda. Gadiel alitokwa jasho la kuwafuata. Mwisho Elisaria akashinda, na kwa kuwa pale mtu akinunua humzawadia amtakaye, akasema, "Nampa mwenye samli."

Mama Namnyaki hakuwa amewahi kula keki. Alisema ni sponji la kuoshea vyombo lililotiwa sukari. Lakini zawadi ya mbele za watu hailiwi mafichoni. Akachukua kipande, akauma, akatafuna polepole huku kanisa zima likimwangalia mdomo. Akachukua cha pili. Kisha akagawa vipande vichache kwa shingo upande, vilivyobaki akavifunika kwa kitenge chake.

Walipofika nyumbani alitangulia kupita lango, akageuka.

"Simama hapo hapo. Usiingie."

Kandida alisimama. "Kumbe alikuwa anangoja tufike nyumbani ndipo anifokee," alifikiri.

"Siku ile uliingia kama mtu anayekimbia mvua," alisema Mama Namnyaki. "Mimi nilikuwa nimemfunga Nado kamba pale nyuma, mtamba bado. Miaka minne nina ahadi mdomoni. Ningempaje mtu aliyekwisha kuingia?" Akajifuta jamu kwenye kidevu. "Nado ni wako. Ingia, Pakiteng."

Machozi yalimtoka Kandida, na furaha ikamjaa asijue aiweke wapi. Lakini mguu hakuuinua. Aliinamisha kichwa kama bibi harusi, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na ndama wake, je?"

Silantoi, aliyekuwa akisikiliza uani, alipiga kigelegele. Mama Namnyaki alicheka mpaka akashika nguzo ya lango.

"Leo ndiyo umeolewa!" alisema. "Ndama pia. Ingia kabla hujanimalizia zizi, Pakiteng."

"Naingia, Pakiteng," alijibu Kandida, akavuka lango polepole, hatua moja moja.